Ile L ya Madibila

Kudra Halfani alikuwa fundi mzuri wa kompyuta, na hilo tulimalize mapema lisije likatusumbua. Pale Mwanjelwa, Mbeya, mtu akiwa na mashine iliyogoma alielekezwa kwake, na mara nyingi mashine iliondoka inafanya kazi. Kilichowachosha watu ulikuwa mdomo wake. Ukimwambia "kompyuta yangu imehalibika," hakuuliza imeharibikaje. Alikutazama kwanza, kisha akasema, "Imeharibika. Ra, ri, ru. Haya, sema sasa." Watu wazima wenye wajukuu walisimamishwa mbele ya kaunta wakasomeshwa herufi. Wengine walisema. Wengine walibeba mashine zao wakaenda kwa jirani, ambaye kazi haijui lakini adabu anayo.

Kiburi hicho alikirithi wapi? Babu yake, mzee Halfani, alitoka Pangani zamani na mzigo wa kanga na kanzu, akafungua duka Mbeya, akaoa, akazeeka, akazikwa hukohuko. Kudra mwenyewe kazaliwa Mbeya, kasoma Mbeya, na baridi ya Mbeya ndiyo iliyomlea. Lakini ukimsikia anavyosema "sisi watu wa pwani," ungedhani kashuka jana na mchanga bado uko kwenye kandambili zake. Pangani alifika mara moja tu, akiwa na miaka kumi na minne, kwenye msiba. Asubuhi ya pili wakiwa wanakunywa chai akauliza, "Mkate yangu iko wapi?" Binamu yake Amna akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaita wenzake, "Njooni mumsikie mbara." Wiki nzima watoto wa Pangani walimfuata uani wakimwomba aseme tena mkate.

Kudra alirudi Mbeya na hakumwambia mtu. Akajifunza Kiswahili kwa hasira, ngeli kwa ngeli, mpaka hakuna aliyeweza kumkamata. Mtu mwingine angejifunza kwamba kuchekwa kunauma. Yeye alijifunza kwamba ni afadhali uwe unayecheka.

Sasa huko Madibira, kwenye mpunga, kulikuwa na chama kidogo cha wakulima kilichoitwa Chama cha Mfereji wa Chini. Kilikuwa na kompyuta moja ofisini na milango mitano ya maji shambani. Kila mlango ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na kishikwambi. Kila baada ya dakika kumi kishikwambi kiliiuliza kompyuta ya ofisini: saa hizi zamu ya maji ni ya nani? Kompyuta ikajibu, mlinzi akafungua au akafunga. Basi, ndio mfumo wote. Aliyeufunga miaka sita nyuma ni kijana mmoja mgeni aliyekuja wiki mbili akaondoka, na aliyekaa naye bega kwa bega akimwandikia majina ya mashine ni mtunza kumbukumbu wa chama, mzee Kasian Kalinga.

Mzee Kasian alikuwa Mhehe wa Idodi, Mkatoliki, mpole, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda kukagua matope. Ulimi wake haukuwa na R. Hakuzaliwa nayo, hakuitafuta, na kwa miaka hamsini na minane hakuona amepungukiwa. Alikuwa na daftari kubwa la mistari ambalo kila kilichotokea ofisini alikiandika humo, kwa kalamu ya bluu, siku ileile. Nani kaja, umeme umekatika saa ngapi, mlango upi umeziba takataka. Kudra alikuwa na vyeti vitatu ukutani na hakuwa na daftari. Yeye aliweka mambo kichwani.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Liberatus. Huyu alikwenda semina ya siku mbili Iringa akarudi na neno moja, neno "mfumo," na tangu hapo hakulitua. Akaambiwa na mtu huko semina kwamba kompyuta isiyofanyiwa apdeti ni hatari. Akampigia simu Kudra.

Kudra alifika Madibira Jumanne, tarehe nne, saa nne asubuhi. Akamsalimia mzee Kasian shikamoo, maana adabu ya maneno alikuwa nayo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Kabla hajakaa alitoa kalamu mkobani akasahihisha tangazo la mlangoni lililosema "Malufuku kuingia na viatu." Akasahihisha ratiba ya ukutani. Akaanza kuingiza mfumo mpya kwenye kompyuta, na kila kilichopita mbele ya macho yake hakikupita salama. Mzee Kasian alikaa pembeni akitazama. Akaona jambo, akasema jambo, Kudra akacheka akaendelea na kazi. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, akala wali na kambale, akapanda gari kurudi Mbeya.

Jioni hiyohiyo milango mitano ikaacha kujibiwa.

Walinzi walifanya kile walichoambiwa wafanye kishikwambi kikinyamaza, yaani waliacha milango ilivyo. Aliyekuwa na maji akaendelea kuwa nayo, aliyekuwa akisubiri akaendelea kusubiri. Mzee Kasian akachukua karatasi, akaandika zamu kwa mkono, akapanda baiskeli kuzipeleka milangoni. Zilitosha kabisa. Lakini mwenyekiti Liberatus alipozikuta akazichana.

"Hatukuleta mfumo ili turudi kwenye karatasi," alisema. "Tunasubiri mtaalamu."

Mtu mwenye akili timamu, anaona maji yanapita na miche inakauka, anachana karatasi. Na huyo ndiye walimchagua kwa kura za kunyoosha mikono.

Kudra alirudi Ijumaa, akafungua kumbukumbu za mfumo. Msomaji asiyejua aelewe hivi: kila kompyuta ina daftari lake la ndani, inaandika yenyewe kila kinachoipata, bila kuchoka na bila kupendelea. Humo akakuta kosa moja limejirudia kurasa na kurasa. Kila dakika kumi, mistari mitano: ombi limekataliwa, jina halitambuliki. Ombi limekataliwa, jina halitambuliki.

Akalala nyumba ya wageni, akaanza kazi. Akabadilisha nyaya. Akabadilisha kile kisanduku cha mtandao. Akalaumu umeme, halafu akalaumu kampuni ya simu, halafu akawalaumu waliotengeneza apdeti, watu ambao wako mbali na hawana cha kujitetea. Jumamosi akauondoa mfumo mpya wote, akauingiza upya, akaijaza mipangilio yote kwa mikono yake mwenyewe kama alivyoijaza mara ya kwanza. Kosa likarudi kabla chai haijapoa. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na sijui kama walikuwa wamemwona Kudra, lakini walimjua.

Jumapili mzee Kasian alitoka misani, akapita ofisini akiwa bado na suti yake ya kanisani.

"Fundi, kamwene."

"Kamwene, mzee."

"Mimi naona ni lile jina."

"Jina gani?"

"La mashine. Madibila."

Kudra alishusha pumzi. Usiku wa pili hajalala vizuri, na sasa anakuja kufundishwa na mtu huyu. "Mzee wangu, ni Madibira. Hata kibao cha barabarani kimeandikwa Madibira. Jina la mashine nimeliangalia, liko sahihi kabisa."

"Najua kibao kinasemaje," mzee Kasian alisema taratibu. "Lakini soma humu." Akamwekea daftari mezani.

Kudra alilifungua mwanzoni. Akaona "Talehe." Akaona "umeme ulikatika mala mbili." Akaona "nimelekebisha." Akalifunga.

"Mzee, kwa kweli hili daftari ndilo linalohitaji fundi," alisema, akacheka kidogo, si kwa ubaya mkubwa, kwa ule ubaya mdogo wa kila siku.

Mzee Kasian alilirudisha daftari mahali pake. Alimwendea mwenyekiti Liberatus, akamweleza jambo lilelile. Mwenyekiti akamwuliza anabishana na mtaalamu yeye kama nani. Basi mzee akaenda nyumbani kula. Mtu akichekwa mara mbili kwa neno moja, la tatu halitoki.

Jumatano akaja Matilda, mama wa robo tatu ya eka kwenye mlango wa nne. Hakupiga hodi ya pili. Alitembea mpaka mezani kwa Kudra akaweka juu ya kibodi konzi ya miche ya mpunga, imekuwa ya njano, mizizi inapukutika udongo.

"Hii ni ya kitalu changu," alisema. "Wewe unaangalia hicho kioo siku ya ngapi?"

Kudra akasema tatizo ni la kitaalamu. Matilda akamwuliza kama utaalamu unanyeshea. Akatoka, akaiacha miche palepale, na Kudra akaiondoa kitufe kwa kitufe.

Kelele za wakulima zikamfikia mwenyekiti Liberatus, na mwenyekiti, kama wenyeviti wa aina yake, alianza kutafuta mtu. Sio sababu, mtu. Akatangaza mkutano wa wanachama Ijumaa, na akasema wazi mbele ya watu kumi kwamba siku hiyo Kasian Kalinga atatolewa kazini, kwa sababu kumbukumbu ni za Kasian na kosa liko kwenye kumbukumbu. Ukiusikiliza utani wa maneno hayo unacheka, lakini mzee hakucheka. Alibakiza miaka miwili apumzike kwa heshima, na sasa angetoka kwa mlango wa wezi. Kilichobaki, mwenyekiti alisema, ni taarifa ya fundi ya kuthibitisha.

Alhamisi alasiri Kudra alifanya jambo ambalo angelifanya Ijumaa iliyopita kama asingekuwa na haraka ya kuwa hodari. Alifungua mstari mmoja wa kosa mpaka ndani kabisa, akasoma jina ambalo kompyuta ilikuwa inalikataa. Liliandikwa kwa herufi ndogo: madibila.

Alipiga meza kwa kiganja. "Nilijua," alisema, ingawa hakuwa amejua chochote. "Nilijua tu."

Akaona yote kwa mara moja, au alidhani ameona. Vishikwambi vile vitano vilikuwa vinaita madibila, kompyuta inaitwa madibira, haviwezi kusikilizana. Na ni nani aliyeandika madibila kwenye vishikwambi? Swali hilo halikuhitaji hata kuulizwa. Akaandika taarifa ya ukurasa mmoja, Kiswahili safi, kila ngeli mahali pake: kwamba chanzo cha hitilafu ni uzembe wa mtunza kumbukumbu, ambaye kwa kutojua kutofautisha L na R aliandika jina vibaya katika vifaa vyote vitano, kwamba mfumo wa zamani ulivumilia kosa hilo na mfumo mpya, kwa ubora wake, haukulivumilia, kwamba yeye mwenyewe angezunguka milango yote Jumatatu kulisahihisha. Akaichapa, akampelekea mwenyekiti nakala. Mwenyekiti akaisoma akisogeza midomo, akaikunja akaitia mfuko wa koti.

Mzee Kasian alikuwa mlangoni. "Naomba kuuliza, fundi. Kama nilikosea mimi, mbona maji yalitoka miaka sita?"

"Mfumo wa zamani ulikuwa legelege, mzee."

"Sawa," alisema. Hakuonekana kama mtu aliyejibiwa.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, watu wakiwa wameanza kukusanyika nje na viti vyao, Kudra aliingia ofisini peke yake. Taarifa yake ilikuwa na upungufu mmoja uliomkera. Haikuwa na tarehe. Alitaka kusimama mbele ya watu aseme: siku fulani, tarehe fulani, Kasian Kalinga aliandika jina vibaya. Tarehe ingekuwa wapi kama si kwenye lile daftari? Likamchekesha kidogo, mtu kujishtaki kwa mkono wake. Akalivuta, akapekua. Miaka sita ya kalamu ya bluu, na ilimbidi asome, na alivyosoma akaanza kuzoea, kama mtu anavyozoea chumvi ya nyumba ya watu. Hakukuwa na siku iliyorukwa. Akapitiliza, vidole vikateleza mpaka mwishoni, na macho yakaangukia mwezi huu huu.

Talehe 4. Fundi amefika saa nne asubuhi. Mashine imeuliza jina. Lilikuwa Madibila. Ametoa L ameweka R. Nimemwambia milango yote mitano inaita kwa L. Amecheka.

Kudra alisoma mara moja. Akasoma tena. Akasema moyoni kwamba mzee anadanganya, akakaa haraka kwenye kompyuta. Ile kumbukumbu ya ndani, ile isiyopendelea mtu, ilikuwa imehifadhiwa pembeni pamoja na nakala za zamani. Akatafuta tarehe nne. Ilikuwepo. Saa nne na dakika kumi na mbili: jina la mashine limebadilishwa, kutoka madibila, kuwa madibira. Aliyebadilisha: kudra.

Hakukumbuka. Huo ndio ukweli na ndio uliomuumiza zaidi. Alijaribu kuukumbuka ule mkono ukifuta ile herufi na haukumjia kabisa. Alikuwa amesahihisha kama mtu anavyopangusa vumbi, na Jumamosi alipoingiza upya akaandika tena R bila kufikiri, kwa sababu ndivyo jina linavyoandikwa na watu walioelimika. Wiki nzima alikuwa akikitafuta kidole chake mwenyewe.

Akafuta R. Akaweka L. Herufi moja tu. Akangoja akitazama saa. Dakika kumi zilipotimia, mistari mitano ikaja, na safari hii yote ilisema ombi limepokelewa. Huko shambani milango ikaanza kujua zamu ni ya nani. Nje watu hawakujua. Hakuna mtu duniani aliyejua.

Na hapa tusidanganyane. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake. Angeweza kutoka nje akasema hitilafu imetatuliwa, watu wakampigia makofi, mwenyekiti akatoa taarifa mfukoni, mzee akaenda zake Idodi na mfuko wa nguo. Daftari nani angelisoma? Kila mtu alishafundishwa kulicheka, na mwalimu alikuwa yeye. Mafundi wa sampuli hiyo tunao tele, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, wanakula na kulala vizuri. Kudra alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukiri. Alimkumbuka Amna amekaa chini, ameshika tumbo. Alikumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo alimchukia Amna kwa kile kicheko, si kwa kuwa Amna alikosea. Amna hakukosea. Ni mkate wangu.

Akachukua daftari akatoka.

Mwenyekiti Liberatus alikuwa ameshafungua mkutano na alikuwa ameshatamka "mfumo" mara ya tatu au ya nne. Wanachama wapatao sitini walikaa kwenye viti na kwenye nyasi. Matilda alikuwa mbele, mikono kifuani. Mzee Kasian alikuwa nyuma kabisa, amesimama, na suti ya kanisani amevaa siku ya Ijumaa. Mtu anavaa hivyo akijua anakwenda kutajwa.

"Fundi wetu atatusomea taarifa yake ya kitaalamu," mwenyekiti alisema, akampa ile karatasi iliyokunjwa.

Kudra akaipokea, hakuikunjua. "Ile niliyoandika si ya kweli," alisema. "Ya kweli ameiandika mzee Kasian. Naomba nisome kama alivyoandika."

"Hilo daftari sio mfumo," mwenyekiti alianza.

"Mwache asome," Matilda alisema, na mwenyekiti akaketi.

Kudra akafungua ukurasa. Akasoma, na sauti yake, ile iliyozoea kuwasimamisha watu mbele ya kaunta, ilitoka nyembamba. "Talehe nne," alisema, kwa L, mbele ya watu sitini. "Fundi amefika saa nne asubuhi. Mashine imeuliza jina. Lilikuwa Madibila." Mtu mmoja kwenye nyasi aliguna. "Ametoa L ameweka R. Nimemwambia milango yote mitano inaita kwa L."

Akafunga daftari. "Fundi huyo ni mimi. Nimeirudisha L asubuhi hii, maji yanapita. Mzee hakukosea popote."

Watu wakageuka kumtazama mzee Kasian. Mwenyekiti Liberatus alikuwa akitafuta kitu kwenye mfuko wa koti ambao alijua ni mtupu. Matilda tayari alikuwa amesimama, anajifunga kanga kiunoni, anataka kuwahi mlango wa nne.

"Fundi," mzee Kasian alisema kutoka nyuma. Hakupandisha sauti. "Hujamaliza. Limebaki neno moja."

Kudra alimtazama. Akalifungua tena daftari, ingawa neno hilo hakuhitaji kulitafuta.

"Amecheka," akasoma.